Mji Badala ya Mlango

Mzee Labani Gwao alikunja mikono ya shati kama mtu anayenawa aje ale ugali, akaitumbukiza mikono yote miwili ndani ya Bakuli mpaka kwenye vifundo. Hakusita, wala hakuuliza kama kuna maumivu. Ute wa kijivu uliokuwamo ukamzunguka vidole, ukacheza kidogo, kisha ukaanza kutakata kutoka chini kuja juu, mpaka kila aliyekaa katika chumba cha Baraza la Dhamiri akaziona kucha zake kule chini, safi, zimekatwa vizuri.

"Siku ya vumbi, mzee," akasema Elimina Nkuwi, "wewe ndiye uliyeagiza mlango wa hekalu usifunguliwe, mtoto Chausiku akiwa nje?"

Elimina alikuwa mpimaji wa Baraza hapo Singida tangu Bakuli lilipoletwa. Sauti yake ya kazini haikuwa ya nyumbani, na alikuwa anaiacha pale pale mezani kila anapoondoka, kama watu wanavyoacha ndara msikitini.

"Mimi ndiye niliyeagiza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pumzi aliyokuwa nayo si ya Mungu. Mungu alimpulizia Adamu puani, mama. Hakumpandikizia uyoga kifuani. Hekalu letu ni nyumba ya pumzi. Mwenye pumzi ya kuazima haingii, hata awe mjukuu wangu."

"Ulijua kwamba atakufa?"

"Nilijua."

Ute haukutikisika. Ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi uliofunikwa.

Elimina alitazama kwa muda ambao sheria inautaka, akainua macho. "Ametulia," akatamka.

Basi, ilikuwa imekwisha. Neno hilo moja lilimtoa mzee pale akiwa huru kama alivyoingia. Maana zilikuwapo sheria mbili. Sheria ya Usawa ilisema hakuna mtu atakayefukuzwa mlangoni kwa sababu ya mapafu aliyonayo. Sheria ya Dhamiri ikasema hakuna mtu atakayelazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Bunge lilikesha na hizo sheria mbili, likabishana, likatukanana, likashindwa kuzilaza kitanda kimoja; mwishowe likanunua Bakuli. Mle ndani mna nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zinazosoma jasho, mapigo, na ile mitetemo ya nyama ambayo mwenyewe huisikii. Anayemkataa mtu kwa imani nzima, ute hutakata, na sheria humlinda. Anayemkataa mtu huku moyo wake ukivuta upande mwingine, ute huchafuka. Huyo hana imani ya kulindwa, amebagua tu, na aliyebaguliwa akifa, huyo ameua.

Kwenye benchi la nyuma mwanamke akacheka, kicheko kikavu. Alikuwa Sikudhani, mkamuaji wa mafuta ya alizeti, mama yake Chausiku.

"Ametulia!" akasema. "Hata fisi akishashiba anatulia, mama mpimaji. Umempima shibe huyo."

Mzee Labani alikuwa anajifuta mikono kwa taulo. Aligeuka taratibu. "Pole kwa msiba, binti yangu."

"Usiniite binti yako. Baba yangu alikuwa na haya."

"Nakuombea."

"Usipoteze pumzi yako, mzee. Si unasema ni ya thamani?"

Askari wa mlangoni akakohoa ili aonekane anafanya kazi. Mzee Labani akatoka, akavaa kofia yake, na nje mapangaboi makubwa ya kufua umeme wa upepo yakaendelea kuzunguka juu ya miamba kana kwamba hakuna lililotokea.

Kisha wakamleta Rahabu.

Alikuwa msichana mwembamba, bawabu wa hekalu lile, ndiye aliyeshika komeo siku ile. Hata kabla hajaulizwa, alipozamisha mikono tu, ute uliingia weupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye chai.

"Uliamini kwamba mtoto hakustahili kuingia?"

"Niliamini."

Weupe ukapanda.

"Ulitaka kumfungulia?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwamini. Sikutaka."

Povu likatokea pembezoni mwa Bakuli, likadondoka juu ya meza. Elimina alikuwa ameona watu wengi wakichafuka, lakini hakuwahi kuona ute ukitoka nje.

"Amechafuka," akasema, na kwa mara ya kwanza alitamani angekuwa na kazi nyingine, hata ya kufagia stendi.

*

Aliyechafuka katika shauri la kifo hufungwa maisha. Sheria humpa nafasi moja tu ya kupimwa tena, na kabla ya hapo mpimaji lazima amtembelee mahabusu kusikia kama ana ombi. Elimina alikwenda mchana, jua likiwa kali, maturubai ya madirisha ya gereza yakiwa yameshushwa kwa sababu redio ilitangaza upepo.

Upepo Singida si upepo tu. Tangu ziwa lilipokauka, liliacha uwanja mweupe wa chumvi, na upepo ukivuma kutoka huko hubeba vumbi linaloingia kifuani kama unga wa wembe. Kikohozi cha chumvi kiliwala watu wengi mapafu. Waliokuwa na uwezo walikwenda kununua mapafu ya maabara. Wasiokuwa nao hospitali iliwapandikizia ya uyoga, yanayoota yenyewe kifuani ukiyalisha unyevu, na yanayosinyaa mara moja yakiguswa na chumvi. Mtu wa namna hiyo akikusogelea unasikia harufu ya udongo uliopata mvua. Ndiyo maana king'ora kikilia, wao ndio hukimbia wa kwanza kutafuta nyumba yenye hewa iliyochujwa. Na nyumba iliyochujwa vizuri kuliko zote upande ule wa mji, waliijenga Waumini wa Pumzi, kwa mikono yao, ikawa hekalu lao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Wameleta dona na maharage." Rahabu aliitazama sahani pembeni. "Imenishinda."

Elimina aliketi kwenye kiti cha plastiki. Ile sauti ya kazini aliitafuta, hakuiona. "Nisimulie pale mlangoni."

"Si nilishasema barazani, mama?"

"Barazani ulijibu maswali. Hukusimulia."

Rahabu akaisukuma sahani kando, akaanza.

"Mlango wetu una kidirisha cha kioo, na chini yake tundu la kusemea. Nikamwona yule dada na mtoto wake. Mzee Labani akanusa tu pale tunduni, akasema, huyo mtoto ni wa uyoga, mama aingie, mtoto abaki. Akarudi ndani kuongoza sala. Nikamwambia yule dada, ingia wewe. Akanitazama. Mama, sijawahi kutazamwa vile. Alikuwa ameloanisha kanga kwa chupa ya maji, amemziba nayo mtoto pua na mdomo. Maji yakaisha. Akawa anatemea mate ile kanga. Anatema, anamfunika, anatema, anamfunika. Hata mate yakamkauka."

"Na mtoto?"

"Mtoto akaja tunduni. Nadhani mama yake alimtuma anisemeshe. Au alijisemea mwenyewe tu, watoto unawajua. Akasema, 'Kitendawili!' Na mimi mdomo ukanitoka wenyewe, mama, kwa mazoea: 'Tega!'"

Aliyafumba macho.

"Akasema, 'Mgeni wangu huingia bila hodi, akitoka asirudi, nyumba huanguka.'"

Elimina alikuwa na jibu kabla sentensi haijafika mwisho. "Pumzi," akasema kwa sauti ndogo.

"Pumzi. Hata mimi nililijua hapo hapo. Lakini nitalitamkaje, mbele ya mlango ule? Nikimjibu nimekiri kwamba na yeye anayo. Nikanyamaza. Akafurahi! Huku anakohoa, akafurahi. Akasema, 'Umeshindwa wewe. Nipe mji.'"

"Ukampa?"

"Nikampa Dodoma." Rahabu alikinyoosha kiganja chake cha kulia, akakitazama kama kitu alichokiokota njiani. "Komeo lilikuwa hapa, mama. Hapa. Lilikuwa limeshapata joto la mkono wangu. Nikampa mji badala ya mlango. Naye akaanza kama wanavyoanza: 'Nilikwenda Dodoma, wakanipokea, nikala wali kwa kuku, wakanitandikia kitanda...' Akakohoa. Hakufika kwenye jibu."

Turubai la dirisha lilipigwa na upepo, likatulia. Elimina alitoa leso kwenye mkoba, akampa, lakini Rahabu hakuwa analia. Aliishika tu.

"Nina ombi," akasema. "Naomba wazee wangu waje wanizamishe."

Kuzamishwa Elimina alikujua. Ndiyo sala kubwa ya Waumini wa Pumzi. Mwenye shaka huketi sakafuni, mzee humbana pua na mdomo, naye huyarudia moyoni maneno ya imani yao mpaka kifua kiwake moto, mpaka kila wazo lingine lizimike na yabaki maneno hayo peke yake. Hapo ndipo huachiwa avute hewa. Kisha tena. Na tena. Watu walitoka humo wakiwa wapole, wenye macho mapana, na hakuna kitu ungeweza kuwaambia kikawaingia.

"Rahabu. Unataka imani, au unataka kutoka?"

"Sijui kama ni vitu viwili, mama." Alisogea mbele. "Nikifumba macho, yule mtoto yuko tunduni ananingoja nijibu. Kama wazee walisema kweli, basi pale mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na uyoga unaosema. Nikiamini hivyo kweli kweli, nitalala. Kama walisema uongo, mimi ni muuaji na sitalala milele. Wewe mama, ungechagua lipi?"

*

Kifungu kimoja kinasema mahabusu hatazuiliwa ibada yake. Kinachofuata kinasema anayengoja kipimo hatafundwa majibu. Walioviandika waliviweka jirani, wakaenda zao kula chakula cha mchana. Ikabaki kazi ya mpimaji kusema kuzamishwa ni ibada au ni kufundwa. Angesema ni kufundwa, Rahabu angekwenda Bakulini na moyo wake ule ule, na kufungwa maisha. Angesema ni ibada, wazee wangeingia.

Sikudhani alimfuata nyumbani siku ya mapumziko, akamkuta anachambua mchele kwenye ungo barazani.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada. Kiti hicho hapo."

"Sikai. Nimesikia msichana ameomba wale wazee. Unawaruhusu?"

"Sijaamua."

"Usiwaruhusu."

Elimina akaweka ungo chini. "Ninajua uchungu wako. Unataka afungwe, na una haki."

"Nani kakwambia nataka afungwe?" Sikudhani aliketi sasa, si kwenye kiti, kwenye ngazi. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya alizeti yasiyotoka hata kwa sabuni. "Mimi sijui ninachotaka. Siku nyingine namtaka afe. Siku nyingine namwona yule pale kwenye kioo, anatetemeka kuliko mwanangu. Sikiliza, mama. Wengine wote mle ndani walisikia uyoga unakohoa. Yeye peke yake alisema 'Tega'. Kitu unakiambia 'Tega'? Kitu unakipa mji? Yeye peke yake katika mji huu wote ndiye shahidi kwamba mwanangu alikuwa mtu. Wakimzamisha, shahidi huyo hayupo."

"Akikaa na ushahidi huo, dada, atakufa nao gerezani."

"Na Labani?"

"Labani ametulia. Sheria haimgusi tena."

"Kwa hiyo aliyetaka mwanangu afe yuko kwake anakunywa chai, na aliyeogopa ndiye wa kufungwa. Sheria gani hiyo?"

"Ndiyo tuliyonayo."

"Basi mwache awe na wasiwasi!" Sikudhani alipaza sauti, mpaka kuku wakatawanyika uani. "Awe na wasiwasi maisha yake yote, nje, ndani, popote, mimi sijali. Lakini abaki nao. Ni huo tu niliobakiwa nao. Unanielewa?"

Elimina alimwelewa. Ndiyo iliyokuwa shida. Alimwelewa na Rahabu pia, na kati yao wawili hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Bakuli halikuwa na swali la mtu mwenye wasiwasi. Kwa Bakuli, kumwonea mtoto huruma huku umemfungia mlango ilikuwa hatia kubwa kuliko kumfungia bila huruma.

"Wanasema hewa ya Mungu," Sikudhani akasema akiinuka, akijipangusa kanga. "Nami naisikia hapa, inanuka kuku. Kwaheri."

Jioni ile Elimina alichukua kalamu. Alijiambia kwamba hajawahi kumnyima mtu sala yake, Mkristo wala Mwislamu wala yeyote, na hataanza na msichana wa watu. Alijiambia kwamba huenda kuzamishwa kusimwingie. Moyo uliofurika mpaka mezani hauwezi kukaushwa kirahisi. Alijiambia pia kwamba kijana mwenye mkono uliotetemeka anastahili maisha kuliko mzee ambaye wake haukutetemeka. Yote hayo yalikuwa kweli. Akaandika: *Ni ibada.*

*

Siku ya kipimo cha pili chumba kilijaa. Waumini wa Pumzi walikaa upande mmoja wakiwa na nguo nyeupe, na Mzee Labani mbele yao akivuta hewa polepole, kama anayeonja. Upande wa pili alikaa Sikudhani, peke yake na kanga yake.

Rahabu aliingia. Walikuwa wamemnyoa. Kando ya pua yake kulikuwa na alama mbili za zambarau, za vidole, na macho yalikuwa yamevia damu. Lakini alitembea vizuri, mgongo wima, kama bi harusi. Aliposema "Shikamoo, mama," sauti yake ilikuwa tamu.

Mikono ikaingia. Ute ukamzunguka vidole, ukasimama, ukatakata.

"Ulimkataza mtoto Chausiku kuingia?"

"Hapakuwa na mtoto, mama. Niliukataza uyoga."

Ute ulikuwa safi kama kioo. Kucha zake zilionekana.

Elimina alijua angeweza kuishia hapo. Katika kipimo cha pili sheria ilimtaka aulize mara moja tu. Lakini akainama karibu, akasema kwa ile sauti ya nyumbani ambayo haikupaswa kuwapo pale, "Mwanangu. Alikutegea kitendawili. Ulimpa mji."

Alikuwa anaomba. Moyoni alikuwa anaomba wimbi dogo tu, tone moja la maziwa, hata kama tone hilo lingempeleka msichana gerezani. Hapo ndipo alipojua alichokuwa amekitoa kwa kalamu ile, na kwamba hakikuwa chake cha kutoa.

Rahabu alimtazama kwa upole. "Kulikuwa na sauti, mama, nami nilikuwa dhaifu nikaijibu. Nimesamehewa."

Ute haukucheza.

"Ametulia," akasema Elimina.

Wale wa nguo nyeupe wakavuta hewa wote kwa pamoja, wakaitoa, na hiyo ndiyo shangwe yao. Elimina aliendelea kusoma, kwa kuwa kulikuwa na sehemu iliyobaki: mtu aliyetulia hatanyimwa kazi kwa sababu ya imani yake, na kama aliiacha kwa ajili ya shauri, atarudishwa. Kwa amri hiyo Rahabu alirudishwa kuwa bawabu wa mlango ule ule.

Msichana alijifuta mikono, akapita katikati ya mabenchi. Mbele ya Sikudhani alisimama. Akainama, akamshika mkono yule mwanamke kwa mikono yake yote miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa pole mfiwa.

"Pole sana, dada," akasema, na kila mtu aliona kwamba alimaanisha. "Siku ile ungeingia wewe. Ulikuwa na nafasi. Siku nyingine king'ora kikilia, njoo, nitakufungulia mwenyewe."

Sikudhani aliuangalia uso ule kwa muda mrefu. Alikuwa anamtafuta mtu ndani yake. Kisha akauondoa mkono wake, taratibu, bila hasira, na Rahabu akaenda zake kujiunga na wenzake.

Chumba kikaisha watu. Askari akafungua madirisha kuingiza hewa, akaona Sikudhani bado yuko palepale, akaamua kwenda kuvuta sigara. Elimina alikuwa anafunika Bakuli kwa kitambaa chake.

"Mama mpimaji."

"Naam, dada."

"Labani ametulia. Huyu naye ametulia. Mimi sikumfungia mtoto wangu mlango." Hakuwa amepaza sauti hata kidogo. "Wakiniuliza kwetu, niwaambie nani kamuua?"

Elimina alishika ncha za kitambaa. Alifikiria kumwambia *mimi*. Alifikiria kumwambia *sisi sote*, lakini hilo ni neno la watu wanaotaka kulala. Kulikuwa na jibu moja tu ambalo Baraza lililikubali, ambalo lingesomwa na kugongwa muhuri, na alilisema huku akimtazama yule mama usoni.

"Vumbi, dada. Vumbi ndilo lililomuua."

Naye akashangaa kusikia jinsi sauti yake ilivyotoka imara, bila kutetemeka hata kidogo.